Dobi Mkuu na Gitaa Lisilopumua

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, dobi mkuu wa hospitali yetu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Katika muda huo ameona wakurugenzi wakija na kuondoka, majengo yakiongezwa ghorofa, na mashine ya kunyoosha mashuka ikibadilishwa mara moja tu, tena kwa shingo upande. Kwenye faili lake ana jina refu la heshima. Sisi wengine, kuanzia jikoni hadi chumba cha upasuaji, tunamwita Nyuzi, kwa ajili ya nyuzi za gitaa, chombo ambacho hajui kukipiga.

Jambo hilo ni vizuri lisemwe mapema, kabla wageni waalikwa hawajapewa habari nyingine. Nyuzi hapigi gitaa. Mwaka mmoja, kwenye sherehe ya wafanyakazi, bendi ya kukodi ilichoka kusumbuliwa ikampa gitaa ajaribu. Alilivaa, akalipapasa, akalirudisha akisema nyuzi zimelegea. Mwenye gitaa alilipokea na kuendelea kulipiga bila kukaza uzi hata mmoja, na watu wakacheza.

Anachopiga Nyuzi ni mdomo. Ana kichwani solo za gitaa za roki na bluzi nyingi kuliko mashuka yaliyomo stoo, na kila moja huitoa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa ulimi, meno na pua. Gitaa linapofika mahali pa kukwaruza, hubana ukingo wa foronya kati ya midomo na kupuliza. Daktari mmoja mgeni, siku yake ya kwanza kazini, aliingia chumba cha dobi na kipimo chake cha kifua mkononi, akitafuta mgonjwa wa pumu aliyepotea njia.

Aliajiriwa kama kibarua wa kusukuma matoroli ya nguo chafu. Alikuwa amefika mji huu karibuni, yeye na mkewe, kama tulivyofika baadhi yetu, na mizigo ya kubebwa kwa mkono mmoja. Kutoka kwenye matoroli alipelekwa kwenye mapipa ya kufulia, kisha kwenye pasi, na hatimaye akakabidhiwa ufunguo wa chumba kizima. Muuguzi mkuu, ambaye hana tabia ya kugawa sifa ovyo, anakumbuka ule mlipuko wa kuhara uliojaza wodi hadi koridoni. Anasema kila kitu kiliisha hospitalini isipokuwa mashuka safi. Nyuzi akiulizwa habari za siku zile husema tu kwamba mapipa yalikuwa na mdundo mzuri.

Kengele ya mashine ya kunyoosha, ile inayolia muda ukitimia, ilikufa zamani. Vipuri viliagizwa, vikaagizwa tena, na Nyuzi akachoka kuvingoja. Mashuka ya wodini akayapimia muda kwa solo fupi ya roki, ile inayopanda mbio na kuruka. Makoti ya madaktari, yenye kitambaa kizito, yakapewa solo ya bluzi. Mapazia yalipewa solo mbili mfululizo, na ya pili lazima iwe ya huzuni, hakuna ajuaye kwa nini. Aliowafunza kazi walifunzwa hivyo hivyo. Hadi leo ukipita pale asubuhi utawakuta akina mama watatu wenye wajukuu wakinguruma kama spika iliyopasuka, na nguo zinatoka zimenyooka.

Kuitengeneza kengele ile ilikuwa kazi ya fundi umeme wetu, na wapo wanaosema aliiacha imekufa makusudi. Tunamwita Fundi tu, kana kwamba hospitali haina mwingine. Yeye ndiye mtani wa Nyuzi wa miaka yote, na ugomvi wao wa saa ya chai ndio uliotufanya wengine tujue solo ni nini.

Nyuzi ni mtu wa roki. Anapenda gitaa linalopanda, na likifika juu lizidi kupanda. Fundi ni mtu wa bluzi. Anapenda mpigaji anayeshika noti moja, akaivuta, akaiacha ife, akanyamaza, halafu akarudi taratibu kana kwamba alikwenda kufunga mlango.

"Huyo wako amelala," Nyuzi humwambia. "Kakaa na uzi mmoja kama mtu anayengoja samaki."

"Na wako anakimbia kama kaacha chungu motoni," Fundi hujibu. "Atulie, bwana. Nani anamfukuza?"

Hapo Nyuzi huweka kikombe chini na kutoa hukumu yake, ambayo sote tunaijua kwa moyo. Mpiga gitaa anayenyamaza katikati ya solo ameishiwa. Kunyamaza ni uvivu, na kuuita ufundi ni ujanja wa watu wa bluzi. Kisha, kama ushahidi, humtoa bingwa wake, na chai za watu hupoa.

Bingwa huyo alikuwa kwenye kaseti moja, ambayo Nyuzi alisafiri nayo mfukoni mwa koti walipohama kwao. Jina lilikuwa limefutika, na nyimbo nyingine zilikwisha kuchujuka. Lakini wimbo wa mwisho wa upande wa pili ulikuwa na solo ambayo, kwa maelezo ya Nyuzi, haikupata kupigwa na binadamu mwenye mapafu. Gitaa linaanza chini, linapanda, linapanda tena, linafika juu kabisa palipo pembamba, na papo hapo, bila kuvuta pumzi, linaanguka hadi kwenye noti nzito kuliko zote. "Hapumui," Nyuzi hutuambia, na machoni huwa ana furaha ya mtu anayemsifu mwanawe. "Sikilizeni. Hapumui." Hakupata kuisikia solo hiyo penginepo. Redio za huku haziujui wimbo ule, na kwenye simu hakutaka kuutafuta, kwa sababu anasema muziki wa simu ni nzi ndani ya chupa.

Kustaafu kulipokaribia, aliomba jambo moja. Desturi yetu ni kwamba anayeondoka atoe neno la mwisho ukumbini. Nyuzi alimweleza afisa utumishi kwamba neno hana, ila ataitoa ile solo, nzima, amesimama. Afisa aliandika kwenye ratiba: "Burudani fupi."

Kamati ya zawadi ilikuwa chini ya Fundi. Wengine walipendekeza saa ya ukutani, wengine blanketi. Fundi alikataa vyote na kuanza kuzunguka kwa wauza vitu vya zamani, akiwapigia kila mmoja kwa mdomo, vibaya sana kwa jinsi tunavyomjua, solo ya mtu aliyembeza maisha yake yote. Mwuzaji mmoja aliitambua. Akatoa kutoka kwenye sanduku santuri halisi, yenye wimbo ule ule, safi kama sahani mpya.

Fundi hakuweza kungoja Ijumaa. Wiki mbili zilizopita, saa ya chai, alileta mashine ya santuri katika chumba cha dobi, akaiweka juu ya meza ya kukunjia, akamwambia Nyuzi akae. Tulijaa hadi mlangoni. Wimbo ulianza, Nyuzi akaitambua noti ya kwanza, na midomo yake ikawa inakwenda nao bila sauti. Solo ikaingia. Ikapanda, ikapanda tena, ikafika juu kabisa.

Ikanyamaza.

Ngoma, besi, gitaa, vyote vilinyamaza. Midomo ya Nyuzi ilikuwa imekwisha kuanguka peke yake. Kisha ile noti nzito ikaja, taratibu, kwa wakati wake.

Nyuzi aliinuka akaitazama sindano. Akasema santuri ina mkwaruzo. Fundi akairudisha nyuma, na gitaa likanyamaza mahali pale pale. Nyuzi akasema labda umeme. Sote tukamtazama Fundi, tukijua kwamba ameletewa kwenye sinia ushindi aliokuwa akiutafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Fundi akainama, akashika waya, akaukagua kwa makini sana, akasema kwa sauti ndogo, "Inawezekana ni umeme, ndugu yangu. Nitaangalia."

Lakini Nyuzi ana masikio. Alikunywa chai yake iliyobaki, akaosha kikombe, akarudi kwenye pasi.

Jibu alilipata nyumbani, kwa mkewe, ambaye hapa kazini wote tunamwita Shemeji. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia, akiwa ameshika kiuno. Mwaka ule walipofika, redio yao ya kwanza iliitafuna kaseti. Nyuzi alikuwa kazini. Shemeji akautoa utepe, akakuta kipande kimekunjamana, akakikata kwa mkasi wa kucha na kuunga ncha kwa gundi ya karatasi. Aliporudi mume, kaseti ilikuwa inaimba, naye, ambaye kwao alikuwa ameisikia mara chache tu, akamsifu mkewe kwa kuiponya.

"Nilisikiliza kabla ya kukata," Shemeji alisema. "Palikuwa kimya pale. Nikashukuru, nikasema afadhali pameharibika mahali pasipo na kitu. Sasa mzee mzima amenikasirikia kwa kukata kimya."

Hakumkasirikia. Alinyamaza tu, na sisi tuliozoea kelele zake tulilihisi jambo hilo hadi wodini. Mashuka yalirudi na unyevu kwenye pindo, kwa sababu aliyesimama kwenye pasi alikuwa hapimi chochote. Wale akina mama watatu walijaribu kunguruma kwa niaba yake, wakaona aibu, wakaacha. Watu waliosafiri na vitu vichache hawavikagui. Wanavishika hivyo hivyo, kwa hofu kwamba vikikaguliwa vitapungua. Nyuzi alikuwa amekagua, na alichokipoteza hakikuwa ubishi wa saa ya chai. Alikuwa amelisifu pengo miaka yote, na akalifundishia watu kazi.

Siku ya tatu alikwenda kwa afisa utumishi akaomba sherehe ifutwe. Alitaka karatasi zake azichukue dirishani, kama mtu anayechukua dawa, aende zake.

Habari zilimfikia Fundi akiwa juu ya ngazi. Aliteremka, akachukua bisibisi, akaenda chumba cha dobi, akatangaza kwamba amekuja kuitazama ile kengele. Hakuna aliyecheka, ingawa ilikuwa haki yetu. Alifungua kifuniko, akachungulia ndani, na bila kutoa kichwa akasema kwamba ameisikiliza santuri kwake mara kadhaa, na ukweli ni kwamba ile ya kaseti inaanguka vizuri zaidi.

"Usinionee huruma, Fundi," Nyuzi alisema. "Yule mtu anapumua."

"Anapumua kidogo tu."

"Anapumua, na ndipo palipo patamu. Nimeisikiliza mimi pia. Usiku na mchana naisikiliza kichwani, na kila mara naingia mapema. Siwezi kukaa pale. Nikifika juu, mdomo unaniangukia wenyewe."

Basi Fundi akatoa kichwa chake ndani ya mashine. Alimwambia kwamba kukaa kimya ni kazi, na kwamba watu wa bluzi wamekuwa wakimwambia hivyo kwa miaka mingi bila malipo. Akamwambia aanze. Nyuzi akaanza kutoka chini, akapanda, akafika juu, na Fundi akainua bisibisi hewani. Nyuzi akaingia mapema. Wakarudia. Akaingia mapema tena, akajitukana. Mara ya sijui ngapi, bisibisi ikiwa juu, Nyuzi alifumba macho na kukaa. Tulisikia mapipa yakizunguka chumba cha pili, na mtu akivuta toroli koridoni. Bisibisi ikashuka, na noti nzito ikaja mahali pake.

"Huyo sasa kaamka," Fundi akasema.

Nyuzi alikwenda kwa afisa utumishi saa ile ile, akiwa bado na foronya begani, kuomba arudishwe kwenye ratiba. Tangu hapo chai zetu zinapoa kama zamani. Hukumu yake ameirekebisha kidogo: wapigaji wanaonyamaza wameishiwa, isipokuwa mmoja. Fundi anasema hiyo inatosha kwa mwaka huu. Kaseti Nyuzi hakuitupa. Shemeji alijitolea kukitafuta kile kipande alichokikata, akijua fika kwamba alikifagia, na mumewe akamwambia aache, fundi aliyeiunga alifanya kazi nzuri.

Kwa niaba ya wodi zote, jikoni, karakana na stoo, tunamshukuru Nyuzi kwa kila mgonjwa aliyelala kwenye shuka kavu asijue limepimwa kwa kitu gani. Tunamshukuru Shemeji kwa kutuazima mumewe, na tunamrudishia akiwa na kelele zake zote. Mkae salama, mzeeke polepole, na nyumba yenu isikose wa kubishana naye. Fundi ameahidi kuja kila Jumamosi.

Neno la mwisho ni kwa wageni watakaokuwa ukumbini siku ya Ijumaa. Burudani fupi itafuata baada ya hotuba ya mkurugenzi. Mtamwona mstaafu amesimama mbele, na pembeni yake fundi umeme mwenye bisibisi. Mstaafu atapanda, atapanda tena, atafika juu kabisa, kisha atanyamaza, na bisibisi itakuwa hewani. Tafadhali msipige makofi hapo. Hajamaliza.