Bartholomew Obbo na Kazi Isiyotajika Mbele ya Mama Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, dukani au kwenye foleni ya malori pale Malaba, punguzeni kelele kidogo. Leo tunamkumbuka Mzee Bartholomew Obbo wa Sop Sop, wilaya ya Tororo. Mzee Obbo ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, akiwa mzee wa kushiba miaka. Amemwacha mjane wake, Mama Felistus, watoto, wajukuu, na ng'ombe wengi ambao kwa namna fulani wanamhusu. Hilo la ng'ombe nitalieleza. Vumilieni.

Mzee Obbo alifanya kazi za sayansi ya viumbe. Si kazi moja, ni kazi nyingi. Alianza na wadudu, akaenda kwa panya, akahamia kwenye dawa, akaishia kwa ng'ombe. Leo vijana wangemsifu. Miaka ya sitini ilikuwa balaa, hasa kwa kijana anayetafuta mke.

Mwaka 1962 Obbo aliajiriwa kukamata mbung'o, wale inzi wanaoleta malale. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unatembea vichakani na kitambaa cheusi mgongoni, mbung'o anadhani wewe ni nyati, anatua, mwenzako anamnasa kwa wavu. Wakati mwingine mwenzako anachelewa. Ndiyo maana Obbo alikuwa akijikuna hata kanisani.

Mwaka huohuo, kwenye soko la Busia upande wa Kenya, alimwona Felistus, binti wa Kisamia aliyekuwa akiuza karanga. Kila Jumamosi Obbo alipanda baiskeli kutoka Tororo kwenda kununua karanga. Nimemuuliza Mama Felistus kama mumewe alizipenda sana. Akacheka mpaka akafuta machozi. "Karanga? Zilikuwa zinamuumiza tumbo. Alikuwa anawapa watu njiani."

Basi wakapendana. Obbo akaenda kujitambulisha kwa baba wa binti, Mzee Erastus, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Mzee Erastus akamuuliza kazi yake. Obbo akajibu kwa Kiswahili chetu cha Tororo: "Mimi nakwenda kamata inzi, mzee."

Mzee akamtazama. "Unawakamata, halafu?"

"Halafu napeleka kwa maabara."

"Inzi wako hapa nyumbani, kijana. Kamata hawa, uende."

Obbo hakukata tamaa. Baada ya muda maabara ikampandisha cheo, akawa mtunzaji wa wanyama wa majaribio. Akarudi Busia akiwa amevaa tai. Mzee Erastus akauliza tena. Obbo akasema analisha panya weupe. Wasikilizaji, mnaijua nyumba yenye ghala la mtama. Mzee Erastus alikuwa na vita na panya tangu ujana wake. "Sisi tunawaua," alisema polepole, "na wewe unawapikia?" Kikao kikaishia hapo, hata chai haikufika.

Kazi ya tatu ilikuwa ya kuuza dawa za mifugo. Obbo alipewa kipaza sauti na meza, akawa anazunguka masokoni akieleza habari za minyoo. Siku moja, hapo Busia, akiwa katikati ya kueleza minyoo inatokea wapi na inatokaje, akamwona Mama Elinah, mama yake Felistus, amesimama mbele kabisa na kikapu chake.

Wasikilizaji wapendwa, wa huku kwetu mnajua. Mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Huli mbele yake. Humkazii macho. Neno la aibu halitoki kinywani mwako akiwa karibu. Obbo alitupa kipaza sauti na kuingia chini ya meza. Wateja wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Alikaa huko chini mpaka Mama Elinah alipomaliza kununua sukuma wiki.

Habari zikamfikia Mzee Erastus. Akatoa neno lake la mwisho: "Simkatai. Lakini alete kazi moja, moja tu, ninayoweza kuitaja mbele ya mama yake Felistus. Akiileta, binti ni wake. Asipoileta, kuna watu wengine wanauliza." Na kweli walikuwepo. Mmoja alikuwa mwalimu, na kazi ya mwalimu inatajika popote.

Sasa sikilizeni bahati ya Obbo. Mwaka 1967 akapata kazi nzuri kuliko zote. Alisomeshwa, akapewa koti jeupe na baiskeli mpya. Kazi yenyewe? Kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila fahali. Unabeba mbegu ya fahali kwenye chupa ya chai yenye barafu, unafika kwa mfugaji, unavua koti, unakunja mkono wa shati hadi begani. Mengine mnayajua. Kati ya kazi zote duniani, alipata ile isiyoweza kutajwa mbele ya mama mkwe hata kwa mafumbo.

Siku ya posa ikafika. Obbo alikwenda na baba yake mdogo, Mzee Owor, ndiye msemaji. Walipanga Owor aseme maneno ya kuzungukazunguka. Lakini kulikuwa na ng'ombe anamngoja Obbo njiani wakati wa kurudi, na mbegu haiachwi juani. Kwa hiyo aliingia posani na chupa yake ya chai, akaiweka katikati ya miguu.

Mama Elinah alikuwa jikoni, kama desturi inavyotaka, mlango wazi kidogo. Mzee Owor akaanza: "Huyu kijana yetu iko na kazi mzuri sana. Nasaidia ng'ombe. Ng'ombe nafurahi."

Hapo ndipo shangazi yake Felistus, Syprose, alipoiona chupa. Akasimama, mikono kiunoni. "Erastus! Hawa wamekuja na chai yao!"

Mgeni anayebeba chai yake kwenda posani anasema jambo moja tu: kwamba anaogopa kulishwa sumu. Anawaita wenyeji wachawi. Syprose akaichukua ile chupa. "Basi tuinywe wote, tuone!" Akaanza kukizungusha kifuniko.

Mzee Erastus alishasimama na fimbo yake. "Tumemaliza. Wageni, njia mnaijua."

Mama Felistus ananiambia alikuwa nyuma ya pazia akisikia yote. Obbo alikuwa na njia mbili. Anyamaze, ampoteze Felistus. Au aseme, mama mkwe asikie, na pengine ampoteze vilevile. Akasema.

"Shangazi, weka chini. Si chai. Hiyo ni mbegu ya fahali. Mimi napandisha ng'ombe. Ndiyo kazi yangu, mzee, na mimi naipenda."

Mzee Owor alifunika uso kwa kofia. Syprose aliiweka chupa mezani taratibu mno, kisha akaenda kunawa mikono. Hakuna aliyethubutu kutazama mlango wa jikoni.

Na sauti ikatoka hukohuko jikoni. "Baba yake Felistus, muulize huyo kijana. Ng'ombe wangu mwekundu analia tangu alfajiri, na fahali wa jirani amekufa. Hiyo iliyo ndani ya chupa inaweza kumfaa?"

Mzee Erastus akageuka. "Mama anauliza kama itamfaa."

Obbo akajibu huku anatazama sakafu. "Mwambie mama itamfaa."

"Anasema itamfaa."

"Nimesikia," likajibu jiko. "Mwambie asubiri. Wanawake wote tunakwenda kwa jirani."

Wakaenda. Obbo akavua koti lake la posa na kufanya kazi yake. Mzee Erastus alishika kamba mwenyewe, akasema binti ataolewa iwapo ng'ombe atashika mimba. "Mimi nilimwombea ng'ombe kanisani," anasema Mama Felistus. "Padri aliuliza mgonjwa ni nani." Ng'ombe akashika mimba. Mwaka 1968 wakaoana. Kwa miaka mingi baadaye Obbo alipandisha ng'ombe Tororo, Busia hadi Bulumbi.

Kwa Mama Felistus, watoto, na ukoo wote wa Sop Sop na Busia: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu awatie nguvu.

Nilimuuliza Mama Felistus anachokosa zaidi. Hakufikiri sana. "Tangu siku ile hakunificha kazi yake. Kila jioni alinieleza yote, ng'ombe wa nani, alimpiga teke wapi. Tulicheka mpaka chakula kinapoa. Sasa chakula changu hakipoi."

Wasikilizaji wapendwa, jioni ya leo, yule unayekula naye, muulize kazi ilikuwaje. Halafu usikilize mpaka amalize.