Ngazi za Bunge

Asubuhi hiyo ya Machi 1990, kwenye basi la kwenda Bungeni, Washington, mama mmoja mbele yangu alikuwa amepakata pedi za magoti, zile wanazovaa mafundi wa sakafu. Mzee aliyekaa naye hakuweza kujizuia.

"Unakwenda kutandika vigae, mama?"

"Ni za binti yangu, Roberta. Hatembei. Leo yeye na wenzake wanaacha viti vyao vya magurudumu chini, wanapanda ngazi za Bunge kwa kutambaa. Wanataka sheria ya haki za walemavu ipite."

"Mbele ya kamera? Si kujidhalilisha huko?"

"Ndivyo nilivyomwambia. Tumegombana wiki nzima."

"Sasa mbona unampelekea pedi?"

"Kwa sababu atapanda tu, na ngazi zile ni za mawe."

Nilicheka, nikajifanya nakohoa.

"Ningekuwa baba yake ningemkataza."

"Ana miaka thelathini na mmoja, mzee. Shuleni nilimbeba mgongoni, ghorofa mbili, kila siku. Watu wakinisifu. Jana akaniambia, 'Mama, miaka yote hiyo walikuwa wanakutazama wewe. Kesho wanitazame mimi.'"

Mzee akazitazama zile pedi. Kisha akasema bado haafiki, wangeandika barua tu. Yeye alikuwa tarishi wa posta, amepeleka barua Bungeni miaka ishirini.

"Na walikuwa wanazisoma?" mama akauliza.

Basi likasimama, naye akashuka na pedi zake.