Sauti ya Bwana Subiri Nyuma ya Kamera

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yetu, mpiga filamu ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Subiri, kwa kuwa hakuna aliyesimama mbele ya kamera yake bila kuambiwa asubiri kidogo.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga, akaanza shule ya msingi ya nyuma ya stesheni mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1977, na mwaka 1980 akaajiriwa katika kituo cha televisheni kubeba nyaya, hadi alipokabidhiwa kamera.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa, na kwa kuwa hakumwamini mpiga picha mwingine, aliirekodi harusi yake mwenyewe, ndiyo maana bwana harusi haonekani popote, na shemeji yetu husema ushahidi pekee alionao ni watoto watatu, ambao wote wamefanana na baba yao.

Tarehe 14 Mei 2022 alirekodi ufunguzi wa jumba jipya la utamaduni, lenye milango ya vioo inayojifungua yenyewe. Baada ya hotuba bibi mmoja alifika mlangoni, akabisha hodi, mlango ukafunguka, lakini kwa kuwa hakuna aliyemwitikia alibaki nje, na foleni nzima nyuma yake. Kaka alimsubiri, kisha akavunja mwiko wa kazi yake wa kutosema kamera ikirekodi, akasema akiwa nyuma ya kamera: "Karibu, mama, pita ndani."

Uongozi wa jumba ulitaka sauti hiyo ifutwe, ukidai inalionyesha jumba kuwa halina mwenyeji, naye akajibu kwamba akiifuta, bibi ataonekana kaingia bila kukaribishwa, na hilo hatamfanyia. Filamu ikafungiwa kabatini.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akaacha kazi, na hofu yake ikawa kwamba atakufa watu hawajaiona. Mkurugenzi mpya wa jumba aliitoa kabatini, akaionyesha tarehe 9 Agosti mwaka jana, sauti ikiwamo, ukumbi ukacheka, na kaka, kwenye kiti chake cha magurudumu, akacheka kuliko wote. Wiki iliyofuata jumba liliajiri mhudumu wa kupokea wageni mlangoni.

Alifariki tarehe 2 Februari mwaka huu, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kupangwa upya kila alipoona mwanga ni mbaya, majirani waliotuazima magari yao bila kuuliza yatarudi lini, na wafanyakazi wenzake, ambao leo wanarekodi bila kuelekezwa.

Kaka, watu wameiona. Pumzika kwa amani.