Jina Lililo Juu ya Mlingoti wa Isinya

Mchungaji, wazee, majirani, na nyinyi mlio mbali mnaotutazama kwenye simu: anayewasomea ni Resian, dada mkubwa wa marehemu. Mnaonifahamu kutoka Namanga, ninakouza shanga, mnajua sauti yangu huwa haikosi nguvu. Leo mnivumilie. Jina la marehemu limechapishwa kwenye jalada la kijitabu hiki, lakini kwa mdomo nitalitaja mara moja tu, mwishoni. Wasiojua wajue kwamba kwa wazee wetu wa Kimaasai, aliyekufa hatajwi jina. Baba yetu alitutoka mwaka wa 2003, na tangu siku ile sijamsikia Mama akilitamka lake, hata kanisani.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Juni 1986, nje kidogo ya mji wa Kajiado, akiwa mtoto wa pili kati yetu watatu. Akapewa jina linalotokana na saa hiyo. Mama husema hakulia sana. Alifungua macho akalitazama paa, akaendelea kulitazama mpaka wanawake wakaanza kucheka. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuangalia juu, huku sisi tukimngojea na chakula kinapoa.

Alisoma shule ya msingi karibu na soko la mifugo la Kajiado, akamaliza mwaka wa 2000, kisha akaenda shule ya bweni. Baba alipofariki alikuwa kidato cha tatu. Mjomba wetu Kisemei, ndugu yake Mama, ndiye aliyekuwa akiwapeleka ng'ombe mnadani ili msichana asirudishwe nyumbani kwa kukosa karo. Hesabu alizipenda. Upishi haukumpenda, na mliowahi kula ugali wake mnanielewa. Mwaka wa 2008 alihitimu stashahada ya mitandao ya kompyuta jijini Nairobi, na Mama akavaa shanga zake zote siku moja.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni moja ya Nairobi iliyohifadhi tovuti na kumbukumbu za watu. Huko ndiko alikojifunza, akatufundisha na sisi, kwamba picha mnazotumiana hazielei hewani. Zinakaa ndani ya mashine zinazoitwa seva, na seva zinakula umeme mchana na usiku na kutoa joto kama jiko. Stima ikipotea, jenereta lilinguruma uani na moshi ukaingia kwenye madarasa ya shule jirani. Jambo hilo lilimkera hata akakosa usingizi. "Resian," aliniambia, "jua iko Kajiado yote, ya bure, na sisi tunachoma dizeli. Huu ni upuzi."

Ndipo mwaka wa 2015 akaacha mshahara mzuri, sote tukimwona amechanganyikiwa, akaleta kontena kuukuu hapa Isinya, kwenye kiploti chake na mumewe. Humo aliweka seva alizonunua zikiwa zimetumika, akapanga paneli za sola na betri, akasimamisha ule mlingoti mnaouona nyuma yangu. Kwenye mashamba ya maua alikuwa ameona jinsi wanavyopoza maua kwa ukuta wa makaa yanayodondoshewa maji. Akajenga ukuta kama huo upande unakotoka upepo, ili hewa ipoe kabla ya kufikia mashine. Kumbukumbu za zahanati, matokeo ya shule, bei za ng'ombe za soko la Kajiado, hata picha za shanga ninazouza, vyote vikahamia humo. Kila Jumamosi alipanda ngazi kuosha paneli, kwa sababu vumbi la huku halimwonei mtu huruma.

Ukame wa mwaka wa 2022 ulipotubana, Mama alikuja kumtembelea, akasimama mbele ya ule ukuta unaodondoka maji.

"Kwani hizi mashine zako zinakunywa maji?"

"Zinakunywa, yeyo," akamjibu, akimwita mama kwa Kimaasai, "lakini si kama ng'ombe."

"Basi zingoje."

Marehemu alicheka, halafu akaacha kucheka. Siku hiyo hiyo alizima zaidi ya nusu ya seva, akabakisha za zahanati na za soko, na maji ya tangi akawapa ndama wa majirani. Wateja walipiga simu kwa hasira. Jibu lake lilikuwa moja: "Tovuti yako itaamka mvua ikinyesha. Ndama haamki." Wengine walihama, na hakuwafuata. Baadhi ya ng'ombe mnaowaona ng'ambo ya ua walikunywa maji yale.

Kuhusu ndoa, alikutana na Munguti mwaka wa 2010 juu ya paa la duka Kitengela. Munguti, fundi wa sola kutoka Machakos, alikuwa amezielekeza paneli barabarani ili wateja wazione vizuri. Marehemu akamwuliza kutoka chini, "Hizo zinaangalia jua ama zinaangalia magari?" Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 2011. Mungu akawajalia watoto wawili, Soipan na Mbithi. Katika nyumba yao sikuwahi kusikia kelele, isipokuwa za kubishana kuhusu betri.

Sasa nifike kwenye jina. Mtandao wa waifai lazima uwe na jina ili uonekane kwenye simu. Siku ya kwanza ya kuujaribu, marehemu aliandika lake mwenyewe, akikusudia kulibadilisha baadaye. Watu wakalizoea. Likawa linatajwa kwenye vioski, stendi ya bodaboda na malangoni, mara limeshika, mara limepotea. Mjomba Kisemei hakupendezwa. "Jina ya mtu haitundikwi kwa mlingoti," alimwambia. "Siku moja mtashindwa kuishusha." Marehemu akamtania, "Nitaishusha mwenyewe, Mjomba, nikizeeka." Tulicheka sote. Jamani, tulicheka.

Mwezi wa Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alipokea matibabu Nairobi kwa karibu miaka miwili, na kila alipopata nafuu alirudi kwenye kontena kumfundisha Munguti kazi za seva. Jumapili ya tarehe 10 Agosti alinishika mkono hospitalini akaniuliza, "Paneli zimeoshwa?" Nikamwambia Soipan ameziosha. Akauliza kama Mama amekula. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Nimemkasirikia Mungu. Mchungaji anajua, maana nilimwambia mwenyewe, na hakunikemea.

Siku mbili baadaye mawingu yalitanda, betri zikaisha, mtandao ukazimika. Ijumaa jua likatoka. Vijana waliokuwa dukani karibu na lango wakapaza sauti, wakalitaja jina lake, kwamba limeshika. Hawakuwa na ubaya. Wamesema hivyo miaka kumi. Mama alikuwa ameketi hapa nje na wanawake wenzake. Alijua vizuri sana walichomaanisha. Lakini jina la mtoto wake, ambaye hajazikwa, lilikuwa linapigwa kelele njiani. Akajifunika shuka kichwani na kulia kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho.

Alimwomba Munguti alishushe. Munguti akakataa.

"Mama, hiyo tu ndiyo imebaki. Kila asubuhi nikiwasha simu naona jina yake. Mnataka nibaki na nini?"

Mama mkwe wa marehemu, Kathini, naye akasema kwamba kwao Ukambani mtu hazikwi kimya kimya, lazima aitwe. Basi msiba ukagawanyika. Kwa siku mbili Wamaasai walikaa upande mmoja wa hema na Wakamba upande mwingine, chai ikirudi jikoni haijanywewa. Mimi niliogopa tungemzika hivyo.

Jumatatu Mama alienda kwenye kontena peke yake, mahali ambapo Munguti alikuwa amejifungia. Nilimfuata nikasimama mlangoni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha marehemu, akasikiliza mashine kwa muda, kisha akasema, "Alisema ataishusha mwenyewe akizeeka. Hajazeeka, mwanangu. Mimi ndiye mzee. Nisaidie tufanye hiyo kazi yake." Munguti aliweka kichwa magotini pa Mama. Walilia pamoja, na hapo ndipo walipokubaliana: jina likae mpaka leo, Ijumaa tarehe 22 Agosti. Kwa ajili ya Kathini, mimi niliyetoka tumbo moja na marehemu nimwite mara moja kaburini. Baada ya hapo lishuke.

Marehemu amewaacha mumewe Munguti; watoto wake, Soipan na Mbithi; mama yetu mzazi; mama mkwe Kathini; mimi, na ndugu yetu wa mwisho, Timothy; mjomba Kisemei; na watu wengi wa Isinya, Kitengela na Kajiado ambao mambo yao bado yako salama ndani ya lile kontena, yakilindwa na jua.

Timothy, uko kazini Doha, na unatuona kupitia mlingoti huu huu. Nikinyamaza, picha itakatika. Usipige simu kuuliza, si hitilafu. Mtandao utarudi kwa jina la Enkang, yaani boma, alilolichagua Mama. Simu zetu hazitautambua mwanzoni. Itabidi tuzifundishe upya.

Naeku, pumzika kwa amani, dada yangu. Paneli tutaziosha, na Mama atakula.

Munguti, lishushe.