Batri Chini ya Kitanda Changu

Mwaka ulikuwa 2022, mvua za Septemba zilikuwa zimeanza kupiga mabati ya mtaa wetu wa Katoyi, hapa Goma, nami nilikuwa na miaka hamsini na miwili, wakwe zangu waliponiambia kwamba mahali ninapolala si nyumba bali ni gari.

Ndugu zangu, na ninyi mama zangu wajane mnaokaa mbele, msicheke bado. Walikuwa na sababu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa magari. Nyumba yetu ya mbao ilipoungua mwaka 2019, kwa mshumaa mmoja ulioanguka, alivuta hadi kwenye kiwanja chetu gari-nyumba, lile gari refu la wasafiri lenye kitanda, jiko na sinki ndani yake. Aliuziwa na wazungu wawili waliokuwa wakivuka Afrika, gia zao zikafia Goma. Mota, yaani injini, ilikuwa nzima, lakini gari halikwenda popote tena. Likakaa juu ya mawe ya volkano, nasi tukakaa ndani yake. Paneli za jua juu ya paa zililisha batri zilizokuwa chini ya kitanda, na batri ziliwasha taa, pampu ya maji na friji ndogo. Katika friji hiyo niliweka maziwa na jibini za Masisi, nikauzia majirani. Mshumaa haukuingia humo hata siku moja. Niliapa.

Sasa, kwetu, sisi watu wa milima ya Masisi, mwaka wa matanga ukiisha ukoo hukaa na kugawa vitu vya marehemu. Nyumba yenye moto, yaani inayokaliwa, hubaki kwa mjane. Kinachotembea, yaani ng'ombe na gari, hurudi kwa ndugu wa mume. Mume wangu alifariki tarehe 12 Septemba 2022. Tarehe 18, kabla wageni wa matanga hawajatawanyika, shemeji yangu mkubwa alizunguka gari lile mara mbili, akapiga tairi teke, akasema atakuja kulivuta. Simtaji kwa ubaya. Kamyoneti yake, gari dogo la mizigo, ilikuwa imekufa mota pale Kalengera, na ilikuwa ya aina ileile ya gari letu. Yeye pia alikuwa na watoto.

Nikasema ni nyumba. Akasema nyumba haina usukani. Watu wakacheka, mimi nikiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani.

Muzee wa ukoo, baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyetuliza maneno. Akaniambia: "Mwanangu, tutarudi siku ya kuondoa matanga. Nikikuta umetupokea humu ndani vile mutu anapokelewa nyumbani, tutaongea habari ya nyumba. Nikikuta giza, na wewe unalala kwa jirani, basi hii ni chuma. Na usinioneshe ile taa ya kuweka mfukoni. Taa ya mfukoni haifanye nyumba."

Nawaambia, tangu siku hiyo sikuweza kukaa. Nilikula nimesimama. Nilikuja hapa kanisani kusali, na katikati ya sala mkono wangu ulikuwa ukitafuta mfuniko wa kitanda ili niuinue nitazame kipimo cha batri. Maana nilijua jambo ambalo wakwe hawakulijua: batri zile zilikuwa zimezeeka. Kufikia Noeli taa ilikuwa nyekundu kama kaa la moto, na friji ilikoroma kisha ikanyamaza.

Januari 2023 nilitafuta nyingine. Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: batri ni batri, chukua ya kamyo, ya lori, ndiyo yenye nguvu. Nikachukua mbili za kamyo, nzito kiasi kwamba wanaume wawili walizibeba wakinung'unika. Mwezi wa kwanza nilijiona malkia. Tarehe 27 Februari maziwa yote yalichacha, pampu ikalia kidogo ikaacha, na binti yangu, aliyekuwa darasa la tano la sekondari, akachukua vitabu vyake akaenda kusomea kwa jirani. Baada ya juma moja nami nikabeba blanketi langu nikamfuata. Mnaelewa maana yake? Nilikuwa ninalala kwa jirani. Neno la muzee lilikuwa limetimia kabla ya siku yake.

Nilikwenda Murara kwa mama mmoja auzaye batri, nikiwa na hasira, ijapokuwa si yeye aliyeniuzia zile za kamyo. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza. Kisha akauliza:

"Mama, ulikuwa unawasha kamyo gani usiku kucha?"

"Sikuwasha kamyo. Nilikuwa ninawasha friji."

"Ndiyo hiyo. Kuna mwanaume wa kupandisha mufuko juu ya gari mara moja, halafu anakaa. Na kuna mama wa kubeba mufuko toka soko mpaka nyumbani, kila siku. Wewe ulimupa ule mwanaume kazi ya mama."

Akanieleza kwamba batri ya kamyo hutoa nguvu nyingi kwa dakika moja ili mota iwake, na ukiimaliza usiku baada ya usiku, inakufa. Batri ya nyumba ina mabamba manene ndani. Imetengenezwa itumike polepole na kujazwa tena. Nizichukue mbili zilizozaliwa pamoja, nisifunge mpya na kuukuu, kwa sababu ile kuukuu hunyonya nguvu ya mpya. Kulikuwa na za kufungwa, zisizohitaji maji, na kulikuwa na za maji zilizokuwa na bei ya chini. Nilichagua za maji. Nilianza kusoma na kuandika nikiwa na miaka arobaini na moja, nikapata cheti changu mwaka 2016. Kitu kinachodai uangalizi wa kila mwezi hakinitishi.

Lakini sikuwa na cha kununulia, isipokuwa ng'ombe mmoja. Baba yangu alinipa mtamba nilipoolewa, na uzao wake ulikuwa ukichungwa katika kundi la shemeji yuleyule. Tarehe 10 Juni nilimwomba ng'ombe wangu. Hakukataa, maana kila mtu alijua ni wangu. Aliniuliza tu, mbele ya wachungaji wake:

"Ng'ombe inazala, shemeji. Batri inazala nini?"

Nikamjibu: "Inazala mutoto mwenye kusoma."

Wachungaji wakatazama chini. Nikaondoka naye haraka kwenda kumuuza, nisije nikalia mbele yao, kwa kuwa ng'ombe yule nilimpenda.

Siku ya kuzifunga batri mpya sikumwachia fundi wa umeme peke yake. Nililala kifudifudi, nikafuata nyaya kwa kidole moja baada ya moja, nikitaka kujua kila moja inakwenda wapi. Ndugu zangu, hapo ndipo mambo yaligeuka. Niliona kwamba mbele, karibu na mota, kulikuwa na batri nyingine ndogo, kazi yake kuwasha mota tu. Kati yake na za kitandani ulipita waya mmoja wenye swichi. Nilimwambia fundi azime swichi hiyo. Taa ya ndani ikaendelea kuwaka. Friji ikaendelea. Nikakaa sakafuni. Miezi yote hiyo tulikuwa tukigombana kama kitu ni gari au ni nyumba, kumbe marehemu alituachia viwili, vikiwa vimeshikana kwa waya mmoja.

Usiku huo mimi na binti yangu tulirudi kulala humo, na sikumwambia mtu. Wala sikupata utulivu, maana kuwa na hoja si kuwa na hukumu. Nilizihudumia batri kama mgonjwa. Kila mwezi nilifungua vifuniko na kuongeza maji ya duka la dawa, yale yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke. Mvua yetu sikuithubutu. Inapita katika moshi wa mlima wetu wa volkano, inakula mabati, ingeziacha batri? Kipimo kikishuka hadi volti kumi na mbili nukta mbili nilizima friji, hata kama jibini ililalamika, kwa sababu nusu ya chini ya nguvu ya batri si ya kutumiwa. Nilipaka vaselini kwenye vichwa vyake, pale nyaya zinapofungwa, na tundu la hewa la sanduku la batri nililielekeza nje.

Kabla sijafika siku yenyewe, niwashukuru. Jirani aliyenipa kitanda bila kuniuliza nitaondoka lini, asante. Mama wa Murara, asante. Ninyi mliokuja na majembe kusawazisha mawe ili gari lisiiname, Mungu awaone. Nanyi mnaoogopa siku ya mgawo, ninalo hili la kuwapa: kifahamuni kitu chenu kuliko anayekidai. Kifuateni waya kwa waya. Huenda anachohitaji yeye sicho mnachohitaji ninyi.

Jumamosi, tarehe 16 Septemba 2023, wakaja. Mvua ilikuwa imefanya saa tisa kuwa kama jioni. Muzee alipanda ngazi, akakaa kwenye kiti chini ya taa, akaomba maji. Nikayafungua kwenye sinki akaona yanatoka. Nikampa maziwa baridi. Alikunywa yote kwanza. Nikapiga magoti, kama desturi inavyotaka, nikasema: "Baba, kinachotembea ni cha ndugu wa marehemu. Mota, tairi na batri ya mbele, shemeji achukue. Sijaomba kitu chochote kinachotembea."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Muzee akamtazama.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Unadai nini tena?"

Shemeji akasema: "Mota tu. Ndiyo nilikuwa ninahitaji."

Muzee akatamka mbele ya ukoo na mbele ya shefu wa avenyu yetu, kiongozi wa barabara yetu, aliyekuwa ameketi kitandani pangu, kwamba gari limerudi kwa ndugu na nyumba imebaki kwa mwenye nyumba, na hakuna mtu atakayelifungua neno hilo tena. Wakaleta mnyororo siku hiyohiyo. Sisi tulikuwa ndani tunakunywa maziwa wakati walipong'oa mota. Sakafu ilitetemeka, vikombe vikagongana, na taa haikucheza.