Deni la Bweni la Kaka Mrisho

Sogeeni, wanangu. Twalibu kaa huku kichwani, nawe Rukaiya acha kulia, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kubembelezana. Shamba la mpunga la Mohoro na nyumba hii ya Kibiti mtagawana kama sheria ya Mungu inavyosema, na atakayemdhulumu mwenzake asikanyage kaburini kwangu. Hilo limekwisha. Nililowaitia ni jingine.

Miaka thelathini na moja nimefundisha chuo kikuu namna ya kuwakinga watu na moto, na maofisa wa zimamoto waliopita mikononi mwangu niliwakaririsha neno moja mpaka wakanichoka: penye watu waliolala pawe na milango miwili, na hata mmoja usifungwe kwa nje. Wakaniita Profesa Milango Miwili. Kichekesho.

Baba yenu mkubwa Mrisho alipojenga bweni la madrasa kule Mbwara, aliniita nilikague nimwandikie barua ya kibali. Nikakuta mlango mmoja, kufuli kwa nje, madirisha nondo tupu. Nikamwambia, kaka, hapa hapafai. Akanijibu, "Watu wamenikabidhi mabinti zao, Fikirini, niwaache mlango wazi? Na wewe ndiye wa kunikatalia mimi?" Kweli alinilea; aliacha shule akavua kamba ili mimi nisome. Nikaona muhali. Nikatia saini.

Ramadhani ya mwaka uliofuata kijiji kizima kilikuwa msikitini kwenye tarawehe. Mabinti saba waliokuwa na udhuru wa kutoswali walibaki bwenini, na Mrisho akamwamuru mlinzi, Muhidini, awafungie kisha aje kuswali. Umeme ukakatika, wakawasha mshumaa karibu na chandarua. Nilifika kesho yake asubuhi. Wote saba walikuwa mlangoni, wameshikana, na mimi najua, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, ilichukua dakika ngapi. Sitawaambia.

Tume ya kuchunguza moto ule ikaniteua mimi, mtaalamu, niandike sababu. Nikaandika: uzembe wa mlinzi. Muhidini akafungwa miaka minne, alipotoka mkewe kaolewa kwingine, na mpaka leo kule Mbwara watoto humwita mchoma watu. Mimi nikapandishwa cheo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanangu, nami nimeumbuka.

Twalibu, usiniangalie hivyo. Najua Mrisho yu hai, najua ataaibika, na mimi nampenda kuliko wewe umpendavyo. Siku ya maziko, jeneza likiwa mbele ya watu, utasimama kama ilivyo ada kuuliza nani anamdai marehemu. Usingoje mtu ajibu. Sema mwenyewe: marehemu anadaiwa roho saba na jina la Muhidini, barua ya bweni aliitia saini yeye, na kufuli aliliamuru kaka yake. Wasikie hadi safu ya mwisho. Theluthi ya mali ninayoruhusiwa kuiusia mpeni Muhidini, kama ataipokea.

Maji, Rukaiya... Basi, yatosha.

Muiteni aje mazikoni. Akisamehe, alhamdulillahi. Asiposamehe msimsihi, wala msimtumie masheikh. Nizikeni na deni langu. Radhi zangu mnazo, nyote wawili, na Mungu awape ulimi ambao mimi... mbele ya wakubwa zenu... awape.

Haya, Twalibu, sema hapa nisikie. Anza na jina la Muhidini... Kwa sauti, baba.