Makaa ya Mtaroni

Benchi la kahawa liliegemea ukuta wa gereji, mtaro wa maji ya mvua ukipita mbele yake. Betri, aliyebandikwa jina hilo kwa kazi yake ya kupasua betri mbovu za magari, aliketi magoti yakiwa meusi. Tangu asubuhi alikuwa akipanga kokoto, mchanga na makaa mtaroni, ili mvua ikiosha uwanja wake wa kazi, madini ya risasi yanaswe kabla hayajafika nyumbani kwake bondeni. Binti yake alikuwa akichezea maji hayo. Damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi, daktari alisema ahamishwe. Sasa alikuwa kwa bibi yake, mbali, na Betri alizitamani hata zile kelele alizokuwa akizikemea.

— Risasi bila bunduki, alisema Wakili, ambaye mahakamani hajakanyaga hata kwa ushahidi. Tuishtaki mvua. Si ndiyo inayobeba?

— Mvua achana nayo, alisema Redio, fundi wa redio. Panga sumaku za spika mtaroni, uone kama itapita hata chembe.

— Risasi haivutwi na sumaku, kaka, alisema Betri.

— Sumaku za siku hizi. Za zamani zilivuta mpaka sufuria za jirani.

— Basi tuugeuze mtaro uelekee mlimani, alisema Wakili. Maji yakifika huko juu yatakuwa yamechoka, yataiacha risasi njiani.

Wakacheka. Betri hakucheka.

— Jana kaniuliza kwenye simu kama kitanda chake bado kipo.

Redio akamsogezea kikombe chake.

— Atarudi, ndugu yangu. Si umeshaziba njia?

Mwanamke mmoja wa idara ya maji, aliyekuja na chupa za kuchukulia sampuli, alikuwa amesimama akiwasikiliza. Akachuchumaa, akaokota kipande cha makaa kwa glavu.

— Nani kafanya hii?

— Mimi, dada.

— Umefanya vizuri. Makaa yanashika risasi, si yote, lakini yanashika. Akakigeuza kile kipande. Sasa yakishajaa risasi, mtayatupa wapi?

Betri akafikiria jalala, akafikiria uwanja wa nyuma ya shule, akafikiria kingo za mto. Kila mahali alipopafikiria, palikuwa na mtoto wa mtu akicheza.